Moshi wa Saa Saba

Nchi hii haiko mbali, wala haikuwako zamani. Anayeitafuta kwenye ramani asijisumbue, afungue dirisha. Jina lake la kwanza lilikuwa Jamhuri ya Tunakwenda, na kweli ilikwenda miaka mingi, wananchi kwa miguu na viongozi kwa magari, mpaka siku ile ilipogunduliwa gesi chini ya ardhi yake, gesi ya kuwasha dunia nzima na nyingine ikabaki. Bunge likaketi asubuhi, likapiga makofi hadi adhuhuri, na kabla ya chai ya alasiri nchi ilikuwa imebadilishwa jina na kuitwa Jamhuri ya Tumefika. Rais naye, ambaye hadi hapo alikuwa Mtukufu tu, akaongezewa cheo, akawa Mtukufu Mfikishaji.

Basi vitu vikaanza kupanda. Majengo yakapanda, vyeo vikapanda, bei nazo hazikukubali kuachwa chini. Treni mpya ikajengewa njia ya juu kwa juu, juu ya nguzo za zege, ili abiria wake wasisumbuliwe na sura za watu. Na bomba la gesi, nene kama pipa, likalazwa kutoka visimani hadi bandarini, huko gesi ikapakiwa melini kwenda kupikia chakula cha watu wengine. Treni na bomba vyote viwili vilipita Bondeni, na hakuna kilichosimama.

Bondeni ndiko alikokaa Nyamizi, mjane wa Maganga. Zamani hapo palikuwa stesheni, wala si stesheni ya kubeza. Wanaume walibeba mizigo ya abiria, wanawake waliwapikia abiria hao, na Nyamizi alikuwa mpishi ambaye wasafiri walimkumbuka kwa jina hata wakisahau jina la stesheni. Wapishi wa Bondeni walikuwa na sheria yao moja. Moshi ndio uliokuwa kibao cha biashara. Abiria alichungulia dirishani treni ikiwa bado inapinda kona, akaona moshi wa nani uko wapi, akajua mguu wake utaelekea wapi. Mpishi ambaye saa saba, saa ya treni ya mchana, alikutwa moto wake umezimika, huyo alikuwa amekwisha. Nafasi yake ilichukuliwa siku hiyo hiyo, na wenzake wakamtungia wimbo.

Treni ya chini ilipokufa, wanaume walitawanyika kutafuta kazi, na wengi wao wanaitafuta mpaka leo. Wanawake wakabaki na mafiga yao. Na desturi, kama mnavyojua, haina habari kwamba treni haiji tena. Kila siku ilipofika saa saba, kila mwanamke wa Bondeni aliwasha moto mbele ya nyumba yake, akabandika sufuria ya maji, akafunika, na mwenye maganda ya kitunguu akayatupia humo yanukie. Kuni zilikuwa mataruma ya reli ya zamani, yale magogo yaliyolaliwa na vyuma na kunyweshwa lami miaka nenda rudi. Yalitoa moshi mweusi, mzito, wa kumliza mtu aliye mtaa wa tatu. Kisha walikaa vizingitini wakichokonoa meno kwa njiti. Ukipita ulikaribishwa kula, maana mtu wa Bondeni hawezi kuacha kumkaribisha mpita njia, nawe ulijua jibu: ahsante, ndiyo kwanza nimetoka kula, hapa hata maji hayapiti.

Msiwacheke. Waliambiwa utotoni kwamba mficha uchi hazai, lakini aliyewaambia hakuwa na jirani kama Sikitu. Huyu Sikitu aliishi mkabala na Nyamizi, ng'ambo ya kijia. Alikuwa shoga yake na mshindani wake tangu enzi za treni, mmoja akisifiwa kwa pilau na mwingine kwa supu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona mwenzake ameinamisha kichwa. Kila Nyamizi alipoona moshi wa Sikitu unapanda, aliongeza taruma kwenye wake.

Sasa huko mjini kulikuwa na Wizara ya Shibe na Takwimu. Waziri wake, Profesa Ndekeja, alikuwa mtu msomi na mwenye mwili wa kuaminika kwa kazi hiyo. Wizara ilitakiwa kumthibitishia Mtukufu Mfikishaji kwamba ustawi umemfikia kila mwananchi. Mtu mmoja alipendekeza wananchi waulizwe, akahamishwa, kwa sababu wananchi wana tabia mbaya ya kujibu. Ndipo akaletwa mtaalamu kutoka ng'ambo, akakaa hotelini mwezi mzima akifikiri, akaja na jibu: moshi. Penye moshi saa saba pana chakula cha mchana. Palipo na chakula cha mchana pana ustawi. Ukajengwa Mnara wa Kufika, mrefu kuliko minara yote ya jirani zetu, na juu yake ikawekwa darubini.

Moshi mwembamba mweupe ukahesabiwa kuwa uji. Moshi wa kijivu ulikuwa ugali na mboga. Moshi mweusi mzito ulikuwa nyama. Hamna haja ya kuambiwa darubini iliona nini ilipogeuzwa kuelekea Bondeni. Profesa Ndekeja alisimama bungeni kwa machozi ya furaha akatangaza kwamba watu wa Bondeni, waliodhaniwa kuwa wameachwa nyuma, wanakula nyama kila siku ya Mungu, hata siku za mfungo.

Kwa hiyo vitu viwili vilifanyika mara moja. Cha kwanza, unga wa wazazi, ule uliokuwa ukigawiwa wanawake wanaonyonyesha, ulikatwa Bondeni, maana kumpa unga mtu anayekula nyama ni kumtukana. Cha pili, walitumwa wauguzi wenye vipaza sauti kuwafundisha watu wa Bondeni madhara ya mafuta na namna ya kupunguza kitambi. Watu walikaa chini wakasikiliza kwa adabu. Nyamizi mwenyewe, ambaye kanga ilimzunguka kiunoni mara mbili na ncha ikabaki, aliahidi kwamba atajitahidi kupunguza.

Ilikuwa katika msimu huo ndipo Siwema, binti yake Nyamizi wa pekee, alipojifungua. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kulinda bomba, na barua yake ya mwisho ilisema bomba ni zima. Mtoto alikuwa wa kiume, akapewa jina la babu yake, Maganga, na kwa kuwa bibi na mjukuu wana utani wao, Nyamizi alimwita mume wangu tangu dakika ya kwanza. Alimpakata akimlalamikia kwamba amechelewa kurudi nyumbani, amerudi bila nywele na bila meno, tena hajaleta hata sukari. Siwema alicheka hadi akashika tumbo. Walikuwa na furaha jamani, na furaha hiyo haikuwahi kuonekana na darubini yoyote.

Siku za mwanzo maziwa yalikuwepo. Nyamizi alimpa binti yake kila kilichopatikana: mchicha wa kando ya bomba, dagaa wa kuokoteza sokoni, na fungu lake mwenyewe akisema ameshakula. Halafu hata hivyo vikapungua. Siwema akaanza kukauka, na maziwa yakakauka naye. Mtoto akawa ananyonya na kulia, ananyonya na kulia, kisha akawa ananyonya bila kulia. Hapo Nyamizi aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani mwake. Alifunga kanga yake, akaenda ofisini kwa Afisa Shibe wa Kata.

Afisa huyu aliitwa Lufungulo, kijana mstaarabu, aliyeamkia wazee hata akiwa amekalia kiti cha kuzunguka. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi na dirisha pana lililotazama Bondeni. Kwenye benchi la kusubiria, Nyamizi alimkuta Sikitu, ambaye alisema hana shida yoyote, amepita tu kupunga upepo. Nyamizi akasema naye amepita tu. Wakaulizana hali za nyumbani, na nyumbani kwa kila mmoja kulikuwa kwema.

Lufungulo alimsikiliza Nyamizi aliyeinama karibu na meza akinong'ona na kuomba unga wa mzazi, hata kibaba kimoja. Kijana alisikitika kweli. Akamweleza kwamba yeye binafsi asingekuwa na neno, lakini mnara unasema vingine, na mnara ni mkubwa kuliko yeye. Kisha akauliza swali alilotakiwa kuuliza kwa mujibu wa taratibu, na akaliuliza kwa sauti kama taratibu zinavyotaka.

"Mama yangu, jana saa saba kwenu mlikula nini?"

Benchi lilikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Nyamizi alilihisi mgongoni. Alijua neno la kusema. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa kweli. Mtoto alikuwa nyumbani analitegemea. Alifungua kinywa aliseme, na badala yake kinywa kikafanya kile kilichozoea kufanya.

"Pilau," alisema Nyamizi. "Pilau ya nyama."

Lufungulo aliandika. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, na kwa kuwa alikuwa ameiona ile kanga iliyozunguka mara mbili, aliteremsha sauti. Alimwambia kwamba mnara hauwezi kuona usichoonyeshwa. Siku ya Kufika, sikukuu kubwa ya taifa, Mtukufu Mfikishaji atapanda mwenyewe kutazama. Laiti siku hiyo kusingekuwa na moshi Bondeni, mara moja tu, mtu kama yeye angepata mahali pa kuanzia kusema. Nyamizi alimshukuru, akatoka. Sikitu alimwuliza kama mambo ni mazuri, naye akajibu ni mazuri sana. Njiani alilia, akajiita mjinga kwa sauti, na bado hakuwa na uhakika kwamba akirudishwa mbele ya meza ile angejibu tofauti.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuwashawishi wanawake wa Bondeni wazime moto saa saba, na hapo ndipo penye utamu, kama huu mnauita utamu. Nyamizi hakuweza kuwaambia kwamba kwake hakupikwi kitu. Kwa hiyo siku moja kisimani aliwaambia kwamba kuna watu ng'ambo ya bomba, watu wa kutia huruma kabisa, hawana hata uji wa wazazi. Na wale wanakosa msaada kwa sababu ya moshi wa sisi tulioshiba, kwani serikali inadhani wote tuko sawa. Akawaomba wazime moto siku moja tu, kwa ajili ya maskini hao.

Wanawake walisikitika sana kwa ajili ya maskini hao. Mmoja alisema kwake kuna viporo vingi, kutopika siku moja kutampa nafasi ya kuvimaliza. Mwingine alisema daktari amemkataza vyakula vya moto. Hakuna aliyeuliza watu hao wanaitwa nani, ingawa kila mmoja alikuwa amewahi kufika ng'ambo ya bomba na alijua kuna nyasi tu. Sikitu ndiye aliyekubali wa kwanza.

"Kwa ajili yao nitauzima," alisema. "Kulala njaa siku moja hakuui mtu."

Nyamizi alimtazama kwa husuda kidogo. Aliwaza kwamba ni mtu mwenye akiba ndani tu anayeweza kusema maneno hayo kwa raha namna ile.

Siku ya Kufika ikafika. Mji ulipambwa, bendi zikapiga, na treni ya juu ikapita na bendera kila dirisha. Bondeni saa saba mafiga yalikuwa baridi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu reli ijengwe, na wanawake hawakuweza kuivumilia aibu hiyo wakiwa nje. Waliingia ndani wakafunga milango, kila mmoja peke yake. Nyamizi alikaa kitandani na Siwema, mtoto kati yao, redio ndogo masikioni. Alimwambia mtoto avumilie kidogo, mume wangu, mkubwa anatazama sasa hivi.

Mkubwa alikuwa anatazama. Juu ya mnara Mtukufu Mfikishaji alitia jicho kwenye darubini, akalitoa, akalipangusa kwa leso ya hariri, akalitia tena. Akasema haoni moshi. Profesa Ndekeja alianza kutokwa na jasho, maana alikuwa amemwahidi nyama. Mabalozi wakatazama viatu vyao. Nyuma kabisa, Lufungulo, aliyepewa nafasi ya kushika mwavuli, alijua kwamba sasa ndiyo sasa, akavuta pumzi ili aseme. Lakini Mtukufu alikuwa ameshatabasamu, na alikuwa ameshashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimetazama kwa jicho langu mwenyewe, sikutumwa na mtu. Bondeni hakuna moshi. Na mnajua ni kwa nini hakuna moshi? Kwa sababu watu wa Bondeni wameachana na kuni. Gesi imewafikia! Wale wa mwisho wamefika!"

Makofi yalipigwa hadi mnara ukatikisika. Lufungulo alikuwa tayari amefungua kinywa, na kwa kuwa kinywa kilichofunguliwa mbele ya Mtukufu lazima kitumike, alikitumia kushangilia. Papo hapo ikatolewa amri kwamba kuanzia siku hiyo ni kosa kuwasha kuni Bondeni, asije mtu mmoja kwa ujeuri wake akairudisha nyuma nchi iliyokwisha kufika. Mgambo wa Moshi wakaundwa kabla ya chakula cha jioni, wakapewa kofia na filimbi.

Nyamizi alizima redio. Nje ya dirisha bomba lilikuwa pale pale, limeanikwa nepi za mtoto, na ukiliwekea sikio ulisikia gesi inapita ikivuma, inakimbilia bandarini.

Mtoto Maganga hakumaliza wiki hiyo. Alikwenda asubuhi, kimya, kifuani kwa mama yake, na kwa muda Siwema alidhani amelala kwa kuwa ameshiba. Nyamizi alimchukua. Alitaka angalau amwoshe mjukuu wake kwa maji ya uvuguvugu, akakusanya vibanzi vitatu vinne vya taruma, na kabla hajapuliza moto mgambo akapiga filimbi kijiani. Kwa hiyo mtoto alioshwa kwa maji baridi. Nyamizi alimwomba radhi. Alimwambia mume wangu nisamehe, najua hupendi maji ya baridi, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Walimzika kando ya reli ya zamani, karibu na mwenye jina lake.

Bondeni nyumba yenye msiba haipiki; wenye kupika ni majirani. Jioni ile wanawake walikuja mmoja mmoja, wakatandika mikeka, wakakaa. Walikuja mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema ameshiba au daktari amemkataza. Walilia tu, na ukiwatazama shingo ulijua kwamba walikuwa wakimlilia Maganga pamoja na mambo mengine mengi.

Sikitu alikuja wa mwisho. Chini ya kanga alikuwa ameficha kopo, akaliweka mbele ya Nyamizi na kulifunua. Lilikuwa na unga wa mtama, umejaa hadi juu, mwekundu na mkavu, unga wa kumnywesha mzazi uji mwezi mzima ukiutumia kwa akili. Nyamizi aliutazama, akauliza umetoka wapi.

"Ulikuwepo," alisema Sikitu. "Kaka yangu aliuleta kabla Siwema hajajifungua. Nilisema huu si wangu, huu ni wa mzazi. Kila siku, Nyamizi, naapa, kila siku niliubeba hadi mlangoni. Halafu natazama kwako naona moshi, mweusi, mzito. Nikasema huyu anapika nyama, mimi nimpelekee kopo la mtama anicheke? Nikaurudisha ndani. Hata moto ulipokatazwa, nilidhani una viporo."

"Mbona hukuula mwenyewe?" Nyamizi aliuliza. "Wewe una nini kwako?"

"Sina kitu," alisema Sikitu. "Nilikuwa nauogopa. Niliona nikiula, nitakuwa nimemwibia mtoto."

Nyamizi alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na hakuwa na nguvu za kufanya lolote kati ya hayo mawili. Akasema kwa sauti ambayo hakuna pale mkekani aliyewahi kuisikia kwake, kwamba jana hakukuwa na pilau, wala juzi, wala mwaka huu wote. Kila mwanamke aliyekaa pale akainamisha kichwa. Halafu mmoja akasema kwake vilevile, na mwingine, na mwingine, hadi mkeka mzima ukawa umesema.

Sikitu ndiye aliyeinuka akawasha moto, nje, mbele za watu. Mgambo walikuja na filimbi zao, wakaona mikeka, wakaona kilichokuwa sufuriani, na mkubwa wao akavua kofia akawaambia wenzake waondoke. Juu ya mnara mwenye darubini aliripoti uzi mmoja wa moshi Bondeni. Profesa Ndekeja alimwamuru asafishe kioo.

Uji ulipoiva walimpelekea Siwema ndani. Hakutaka. Mama yake alimshika kidevu kama alivyomshika alipokuwa mdogo, akamnywesha bakuli la kwanza kijiko kwa kijiko, na la pili Siwema akalishika mwenyewe. Kesho yake wakampikia tena, asubuhi na mchana, na wote wakanywa pamoja naye kutoka chungu kimoja bila kuulizana chochote.

Alasiri, Siwema alikuwa amekaa kizingitini. Nyamizi alimwona anajishika kifua, akadhani ni uchungu wa kilio, akamsogelea. Gauni la Siwema lilikuwa limelowa mbele, pande zote mbili, na lilizidi kulowa. Maziwa yalikuwa yameshuka. Yalikuwa mengi, yanatiririka hadi mapajani, na Siwema alikuwa ameinua mikono kidogo, ameikunja kama anayengoja kupewa mtu.

Nyamizi alikaa chini kando yake. Alivua kanga yake, akaanza kumpangusa, na yale maziwa hayakuacha kutoka.